Neno la Bomba Kavu

Kilburn, London

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuuliza hali hata koti sijavua: goti lako je? Bibi analala vyema? Mimi na Shangazi huku wazima. Baridi tumeizoea kwa kuinung'unikia.

Nina habari, lakini kwanza nikiri nililokuficha. Barua zangu zote zilisema shule nzuri. Kweli ni kwamba tangu nifike sijafungua mdomo darasani. Kiingereza ninacho, nakiandika. Sauti ndiyo inayokwama. Sasa mwalimu akatangaza kila mtu asimame aeleze neno moja la kazi, na asiyesema atashushwa darasa. Nililia chooni, Mama.

Nikachagua neno la zamani la mafundi wa bomba: "fetch". Kwa watu wengine ni kwenda kuleta kitu. Kwao wale ni kulimwagia bomba kavu maji kidogo, ngozi ya ndani ilainike, izibe, ndipo livute. Mabaharia nao walilitumia melini. Nililiona kwenye kamusi nikacheka peke yangu: si ndivyo tufanyavyo na bomba la uani kwetu? Na wewe humgombeza kila anayeondoka bila kumwachia mwenzake kopo lililojaa.

Mzee anayetunza shule akaniazima bomba la mkono la bustanini, na ndoo ya maji. Siku yangu ikafika. Nikasimama. Kimya.

"Mtieni shilingi kama mashine ya muziki, pengine ataimba!" akasema Desmond, mkaa nyuma. Wakacheka.

Nikatumbukiza mguu wa bomba ndooni, nikashika mpini, nikasukuma. Khoo, khoo, hewa tupu. Nikachota kopo, nikamimina juu.

"We vipi? Unalipatia bomba maji yale yale unayotaka likupe?" akauliza Desmond.

"Ndiyo!" Neno lilitoka kabla sijaogopa. "Na ukija kwetu, usipoacha kopo limejaa, mama yangu atakufukuza!"

Safari hii walicheka nami. Nikasukuma tena, maji hayo, bwaa, mpaka kwenye viatu vya mwalimu! Nikaeleza ngozi, nikaeleza meli, nikaeleza uani kwetu na ugomvi wa zamu. Desmond akauliza, nikamjibu, akauliza tena. Sikushushwa darasa, Mama. Kengele ilipolia bado nasema, na mwalimu akaniambia, "Zuhura, tafadhali, nyamaza sasa!"

Mimi, Mama. Nimeambiwa ninyamaze.

Nisalimie Bibi, mjomba fundi cherehani, na mdogo wangu mtundu. Shangazi anakukumbatia.

Mwanao akupendaye,
Zuhura