Mwaka wa Mama Makaburi

Jumatatu, 8 Januari
Mwaka mpya, matusi yale yale. Sijanawa hata uso, watu wamejaa barazani. Mmoja: taa ya mtaani haiwaki. Mwingine: jirani kajenga choo kwenye njia ya maji. Wa tatu hana shida yoyote – kaja kunijulisha tu kwamba hatanipa kura tena. Nikamshukuru kwa kufika.

Mchimba makaburi alingoja mpaka wote wakaondoka. Mtu mpole, haongei sana. Akaniomba twende makaburini. Kule pembeni, karibu na ukuta, alikuwa ameanza shimo jana, akaacha. Nikachungulia. Ubao. Chini ya ubao, kitambaa.

"Diwani, kila nikichimba namkuta mwenyewe," akasema.

Makaburi yamejaa. Kata nzima inajua, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kulisema. Basi nitalisema mimi. Kwani huwa ni nani mwingine?

Jumamosi, 17 Februari
Mkutano wa hadhara, uwanja wa shule. Kichwa kinagonga.

Baraza lina kiwanja kimoja tu katika kata yangu: kitalu cha miti cha zamani, mwisho wa Mtaa wa Juu. Miti ilishakufa. Kumebaki magugu na chupa. Nikawaambia: tutazika pale. Kelele!

Akasimama Mwalimu Mstaafu. Kafundisha nusu ya kata hii, mimi nikiwemo, na mpaka leo akinyanyua kidole nakaa wima. Alisema polepole kama anayesomesha imla. Mtaa wa Juu ni mtaa wa walio hai. Watu wamejenga kwa jasho lao. Nani atapanga chumba ambacho dirisha lake linatazama misiba? Makofi.

Nikauliza, sasa tuwazike wapi?

"Uani kwako!" mama mmoja akapaza sauti. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Wifi yangu anakaa nyumba ya mwisho kabla ya kitalu. Naye alicheka. Nilimwona. Akaona kwamba nimemwona, akaendelea kucheka.

Alhamisi, 11 Aprili
Wamepata pa kunishika. Nilijua watapata.

Mume wangu ni seremala. Anatengeneza vitanda, milango, makabati – na majeneza, ndiyo. Sasa habari imeenea: diwani anataka makaburi mapya ili mumewe auze majeneza. Kana kwamba watu hufa kwa sababu nafasi ipo! Watoto wananiita Mama Makaburi. Wakubwa pia, ila wao wananong'ona kwa sauti ya juu.

Mwenye oda ya kabati kaghairi. Wa milango naye. Mume wangu alikula, akanawa, akasema, "Mimi nilioa mwalimu wa chekechea. Huyu diwani kaingilia mlango gani?"

Nikataka kucheka. Nikamtazama – hakuwa anatania.

Jumanne, 4 Juni
Kalavati la sokoni limekwisha! Nimemganda mhandisi wa baraza kama kupe mpaka akaanza kunikimbia kwenye korido. Sasa mvua ikinyesha maji hayaingii madukani.

Asante? Wapi. Muuza viatu: limechelewa. Muuza mboga: mbona baya hivi? Nikaenda nyuma ya choo cha soko nikalia kidogo, nikajifuta, nikarudi kuwapungia mkono.

Ijumaa, 30 Agosti
Baraza limepitisha. Kitalu sasa ni makaburi, rasmi.

Mwenyekiti wa baraza alinyanyua mkono kukubali. Alipofika mlangoni akawaambia waandishi kwamba hilo "ni wazo la diwani wa kata". Kisha akaniinamia sikioni: chama kinaangalia. Kiangalie! Macho si kinayo?

Jumapili, 15 Septemba
Uzio wa kitalu umeng'olewa wote. Nguzo za zege zimelala chini kama watu walioleweshwa. Nikaenda kwa wifi. Eti hakusikia kitu. Nguzo za zege, hatua chache kutoka kitandani kwake, na hakusikia!

"Wifi, nitazame machoni," nikamwambia.

Akanitazama kweli. "Wapangaji wangu wawili washahama. Chakula changu ni kodi ya vile vyumba, wewe una posho ya baraza. Hebu niambie, mwenye roho mbaya ni nani hapa?"

Nikamtolea jeuri. Nilimwambia kwamba wapangaji walimkimbia mdomo wake, si makaburi. Akafunga mlango. Mume wangu kashapata habari kabla sijafika nyumbani. Leo hatujasemeshana.

Jumatano, 23 Oktoba
Asubuhi nimemkuta fundi cherehani amekaa barazani. Yule wa karibu na kituo cha afya, anayeshona sare za shule. Hakuita, hakubisha. Amekaa tu, shati kalivaa nje ndani.

Mkewe amefariki akijifungua. Mtoto yu hai, wa kike, yuko kwa bibi yake.

Wenye ndugu mbali siku hizi wanasafirisha maiti zao. Yeye kazaliwa hapa, mkewe kazaliwa hapa, hawana kwingine. Chumba cha maiti wamemwambia amtoe kesho. Kazunguka kila mahali. Mwalimu Mstaafu alimpa pole na chai, akamwambia amuulize diwani.

"Kwa hiyo nakuuliza," akasema. Basi. Hakulia. Afadhali angelia.

Nikamwambia, kesho tutamzika kitaluni. Nilivyolisema! Kama vile kuna uzio, kama vile kuna lango, kama vile kuna mtu yeyote upande wangu.

Nikaenda karakana. Mume wangu alikuwa anapiga randa. Nikamweleza. Aliendelea na randa yake mpaka nikadhani hakusikia.

"Jeneza hili nikilitengeneza, watasema nimemuua mimi."

"Watasema."

"Na dada yangu atakuwa wa kwanza."

"Atakuwa wa kwanza."

Akaweka randa chini. Akauliza, mwanamke mwenyewe ana urefu gani? Nikajikuta sijui. Mtu wa kata yangu, na sijui. Nikarudi kwa fundi. Yeye akagusa bega lake mwenyewe: kichwa chake kilikuwa kinafika hapa.

Alhamisi, 24 Oktoba
Naandika ndani ya gari la mizigo tulilobebea jeneza. Nikiacha kuandika nitamtukana mtu.

Wamefunga barabara. Mabenchi, matairi, mlango mbovu. Mtaa wa Juu mzima uko nje. Mwalimu Mstaafu kakaa kwenye kiti katikati ya njia, kofia magotini. Wifi yuko na wanawake, kajifunga khanga kiunoni kama anayejiandaa kwa ngumi. Nyuma yao namwona mchimba makaburi kaegemea jembe. Shimo liko tayari.

Fundi na mume wangu walilishusha jeneza, wakaliweka mbele ya kiti cha Mwalimu. Mwalimu alilitazama muda mrefu. Fundi alikuwa mwanafunzi wake pia. Nikaona midomo ya mzee inacheza.

Akainuka, akaja mpaka dirishani kwangu.

"Maiti ipite," akasema. "Marehemu hana kosa. Lakini wewe ubaki. Hutakanyaga pale, hutasimama kaburini ukapigwa picha, hutatuhutubia. Watu wangu hawakubali zaidi ya hapo."

Kubaki! Mwaka mzima nimebeba matusi ya kaburi hili!

Nikasema, sawa.

Mabenchi yakaanza kusogezwa. Ndipo fundi akakaa chini. Palepale lamini, mkono juu ya jeneza. "Bila mama diwani haendi mtu," akasema. Nikamwita kutoka humu ndani: mwanangu, nenda, kampumzishe mkeo. Akatikisa kichwa. Mwalimu kamsihi. Mume wangu kamsihi. Wifi – wifi huyu huyu! – kachuchumaa karibu yake anamwambia kitu, analia, na fundi anatikisa kichwa.

Jua linawaka. Jeneza liko juani.

Kule nyuma wamenirukia tena: ni yeye kamfundisha! Anamtumia maiti! Mama Makaburi! Jiwe limegonga boneti.

Simu inaita. Mwenyekiti. Iite.

Nikiondoka hapa kwa miguu kurudi nyumbani, mbele yao wote, fundi atakosa wa kumngoja. Itabidi ainuke. Watasema nimekimbia. Watalisema mpaka uchaguzi na baada ya uchaguzi.

Mume wangu ananitazama kupitia kioo. Keshajua. Anatikisa kichwa: usishuke.

Nimefungua mlango. Mguu mmoja uko chini, uso nimeuelekeza nyumbani. Wanazomea, wanapiga makofi. Fundi kageuka, ananitazama mimi, bado kakaa –