Siku Nilipowasamehe Watoto Wetu Hesabu

Mwalimu mwenzangu Owor,

Sijui nani anakusomea barua hii. Kama ni simu yako, itaisoma kwa ile sauti kavu uliyozoea kuicheka. Kama ni mtu, namwomba asiruke mahali. Nimeituma kwa kila mwalimu ninayemjua, kuanzia Busia mpaka Tororo, maana namba yako haipatikani tena na sina njia nyingine ya kukufikia.

Unakumbuka siku tulipopewa meza moja? Ulikuwa umevuka mpaka asubuhi hiyo ukitoka kwenu Mulanda, fimbo nyeupe mkononi na kompyuta kuukuu begani. Mimi nilikuwa na miaka sita ya kufundisha watoto wasioona katika shule yetu ya Busia, na miaka yote hiyo hesabu niliipita kando kama mtu anayepita boma lenye mbwa mkali. Niliwafundisha kujumlisha na kutoa, basi. Uliniuliza pembetatu ni nini. Nikakujibu kwamba ni umbo lenye pembe tatu.

"Hiyo ni jina tu, Madam," ukasema. "Mtoto nataka kitu ya kushika."

Ukaomba kamba ya katani na vigingi vitatu. Watoto wakaitembea ile pembetatu uwanjani, mkono mmoja kwenye kamba, na kufikia saa ya chakula walikuwa wanabishana kona ipi ni kali zaidi. Nilisimama mlangoni nikitazama. Nilikuwa na macho mawili mazima na sikuwahi kuwaonyesha watoto wale pembetatu.

Halafu ukaja na ile programu yako. Ulitaka kompyuta iwasomee watoto namba kwa Kiswahili, si kwa ile sauti ya kizungu waliyokuwa wakiikisia tu. Tukajifungia stoo ya magodoro ili kelele za matrela yanayongoja kuvuka zisiingie, ukaanza kutaja namba moja moja, mimi nikibonyeza. Hata hivyo trela moja lilipiga honi ulipofika tisa, na wewe ukakataa kurudia. Ulisema watoto watajua namba hiyo imetoka Busia. Mpaka leo tisa yetu ina honi.

Na ile michoro ya sauti! Mstari ukipanda, mlio unapanda; ukishuka, unashuka. Amoit, yule msichana wa kutoka Mella ambaye mama yake alimleta kwetu akisema hajui la kumfanyia, alisikiliza mchoro wa kwanza akiwa ameinamisha kichwa. Akasema, "Imepanda, imechoka, imerudi." Ulicheka mpaka ukavua miwani. Jioni hiyo uliniambia kwamba shuleni kwenu, ukiwa mdogo, saa ya hesabu walikutoa nje ukae na wapishi. Walidhani wanakuhurumia.

Uliniambia jambo hilo kwa mdomo wako. Ndiyo maana sina la kujitetea.

Ulikuwa umekwenda Nabuyoga kumzika shangazi yako. Mwalimu mkuu aliniita ofisini, akanionyesha karatasi. Ilisema watahiniwa wetu wasioona wasamehewe hesabu, kwa kuwa hakuna wa kuwaandalia michoro ya breli na alama zao zinaishusha shule. Alizungumza kwa upole. Akasema watoto hawa wameteseka vya kutosha. Alihitaji saini ya mwalimu mmoja tu wa kitengo chetu cha wasioona. Ningeweza kusema tukungoje. Lakini nilikuwa nimechoka, Owor, na ndani yangu nilisikia nafuu ya mtu aliyeambiwa hatalipita tena boma lile. Nikatia saini.

Uliporudi uliniuliza jambo moja tu. "Ile karatasi, wewe ulisoma?"

"Niliisoma."

"Yote?"

"Yote."

"Basi mimi sina kazi hapa," ukasema. "Mwenye kuona amesoma yote na ameandika jina."

Ulifungasha fimbo na begi. Kompyuta uliiacha mezani, ukasema ni ya watoto. Nilikufuata mpaka getini nikiongea, sikumbuki nilisema nini, na hukugeuka. Wiki iliyofuata nilivuka nikaja Mulanda. Mama yako alinikaribisha vizuri, akanipa uji, akaniambia umeondoka na hakujua umeelekea wapi. Nadhani alijua. Sikuthubutu kumuuliza mara ya pili.

Tangu hapo watoto wanaisikiliza sauti yako kila siku na mimi nimekaa katikati yao kama mshtakiwa. Watatu walifurahi kusamehewa, siwalaumu. Amoit alikataa. Alikuja mezani petu akaweka kiganja upande wako, pale ulipokuwa ukiweka kompyuta.

"Madam, ni nani aliyesema mimi sitaki hesabu?"

Nikamwambia ni shule.

"Shule ni nani?"

Ningeweza kulitaja jina la mwalimu mkuu. Nikamwambia, "Ni mimi. Niliandika jina langu."

Hakulia, wala hakunijibu vibaya. Aliniuliza kama jina likiandikwa linaweza kufutwa. Nikaenda ofisini siku hiyohiyo. Mwalimu mkuu alinisikiliza, akasema anaweza kumrudisha huyo mmoja kwenye orodha ya hesabu, ila mimi ndiye nitakayemfundisha na mimi ndiye nitakayejibu akianguka. Na orodha ikishafungwa, jina lake halitolewi tena. Nikakubali. Nimemwandikisha kwa mkono wangu mwenyewe.

Na sasa sijui nifanye nini. Tulianza na duara. Nimekata maduara ya karatasi ngumu, nimebandika uzi ukingoni, nimejifunga kitambaa machoni ili nimwelewe, na dakika chache baadaye ni yeye aliyekuwa akinishika mkono kunirudisha katikati. Tukifika kwenye pembe zilizo ndani ya duara, mimi mwenyewe sielewi. Nafungua programu yako, nakusikia ukitaja namba kwa utulivu kana kwamba hakuna lililotokea, lakini namba peke yake haziwezi kumfundisha. Jana nilimweleza jambo kimakosa kipindi kizima. Aligundua kabla yangu, akanyamaza ili asiniaibishe. Mtoto wa miaka kumi na mitano ananihurumia, Owor, na mtihani ni muhula huu.

Nimejaribu kwa walimu wengine. Wananiambia asiyeona hesabu za nini. Mmoja alinishauri nimwombee.

Siombi urudi kazini, wala siombi tuwe kama zamani. Ukitaka kukaa chumba kingine, nitakuachia chumba. Ukitaka nikae nje na wapishi muda wote unaomfundisha, nitakaa. Amoit anatangulia darasani kabla ya kengele kila asubuhi, anawasha kompyuta, anangoja mtu anayejua.

Njoo. Hata kama hutaniamkia, njoo.

Mimi,
mwalimu mwenzako wa meza moja