Kete za Bao Mgongoni

Jumatatu, 6 Juni 1932

Suruali mbili, kola moja. Nimesinzia mara tatu juu ya cherehani. Jana nililala tangu isha mpaka alfajiri, nikaamka nimechoka kama mchukuzi wa sokoni. Kwenye bao wamenicheka, zamu yangu ikifika nimeshalala. Mmoja akasema, "Fundi, hayo malale." Sikucheka. Mjomba wangu kule Tabora alianza hivi hivi. Alipelekwa kambi ya wagonjwa, hakurudi.

Jumanne, 7 Juni

Mama Zuhura anataka twende hospitali. Nimemfokea. Mke wangu hana kosa. Naogopa, basi. Wakiyakuta malale watanitenga, naye atabaki na nani?

Alhamisi, 9 Juni

Nimeunguza kanzu ya mteja, ya harusi ya kesho. Nilisinzia na pasi ya mkaa mkononi, moshi ndio ulioniamsha. Nimempa kanzu yangu ya Idi. Ameipokea, afadhali angenitukana. Kariakoo nzima ingeweza kuungua. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kesho naenda.

Ijumaa, 10 Juni

Daktari Mhindi, mpole. Amenitoboa kidole kuchukua damu, kisha akamwuliza mke wangu ninavyolala.

"Anakoroma, daktari, halafu ananyamaza kabisa. Hapumui. Namtikisa ndipo avute pumzi."

Mwaka wa pili huu, anasema. Mimi sikujua lolote. Majibu Jumatatu.

Jumapili, 12 Juni

Nimemwandikia mke wangu majina ya wateja ninaowadai.

Jumatatu, 13 Juni

Si malale. Nimelia mbele ya daktari, wala sioni haya. Anasema nikilala chali koo hujiziba, ndiyo maana usingizi haunishibishi. Nilale ubavu, nipunguze mwili, nirudi kila mwezi anitazame. Nikamwuliza, nikishalala nitajuaje nimegeuka? Akasema niweke kitu kigumu mgongoni. Hiyo sasa ni kazi ya fundi. Nimeshona mfuko nyuma ya fulana, nikatia kete nne za bao. Wenzangu barazani wanazitafuta mpaka sasa.

Jumamosi, 25 Juni

Nikigeuka chali kete zinaniuma, narudi ubavu. Wiki nzima nimesinzia mara moja tu, na hiyo ilikuwa baada ya pilau.

Leo nimeamka kabla ya adhana, mwepesi. Mama Zuhura hakuamka. Miaka miwili amekesha akisikiliza pumzi zangu. Nimewasha jiko mwenyewe, taratibu. Chai imeiva. Bado amelala, namwacha.