Baba, Kwa Nini Ulipandia Kulia?

Mpendwa Baba,

Nimepanda farasi tena. Naanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu ndivyo ulivyokuwa wewe. Mtu anatoka safari, hajatua hata mzigo, wewe unamuuliza kama farasi wameshakula. Nilipanda Jumatano iliyopita, hapahapa Guangzhou, na tangu siku hiyo kichwa changu hakijatulia. Sijui kama nina furaha, nina huzuni, au nimekukasirikia. Nilijaribu kumweleza Mama Salma, yule Mzanzibari tunayeshirikiana ofisi na kusafirisha mizigo, akanisikiliza mpaka mwisho kisha akaniambia nile kwanza. Nimekula, Baba. Bado sielewi.

Ngoja nikurudishe Usa River. Unakumbuka nilivyokuwa nikitoka shule nakuja moja kwa moja bandani na sare zangu, na Mama akaziosha akilalamika kwamba nguo zinanuka farasi kuliko farasi wenyewe? Wewe ndiye uliyekuwa mkuu wa wale farasi waliotembeza wageni pale shambani. Ulikuwa na yule jike wa rangi ya kahawia uliyemwita Bi Harusi, kwa sababu hata umfanyeje alikuwa hana haraka. Juu yake ndiko ulikonifundisha. Siku ya kwanza nilimwendea kutoka upande wa kushoto, maana ndiko nilikosimama, ukanishika bega ukanizungusha kwa mbele, polepole, ili anione. Ukalipigapiga tandiko upande wa kulia.

"Njoo huku, mama," uliniambia. "Mlango uko huku."

Uliniita mama kwa kuwa nilibeba jina la mama yako, na mlango nikauamini kama nilivyokuamini wewe. Wewe mwenyewe ulipandia kulia siku zote. Wageni, ndiyo, walipandia kushoto, wakiwekewa ngazi ndogo ya mbao, na wewe ndiye uliyewashikia hatamu wakipanda. Niliona hayo kila siku na wala hayakunisumbua. Nilijitungia maelezo yangu: kushoto ni mlango wa wageni, kulia ni mlango wa wenyeji, kama pale nyumbani ambapo wageni walipitia sebuleni na sisi tukapitia jikoni. Hata niliona fahari. Nilipokuwa nawaona wale Wazungu wanapanda upande wao, nilijisemea moyoni kwamba hawajafika bado kuwa watu wa ndani.

Basi fikiria aibu yangu huku. Nilipokuja Guangzhou nilikuja kufuata viatu na nguo, kama wenzangu wote, nikidhani nitanunua mzigo na kurudi. Nikawa nanunulia wengine, oda zikaongezeka, nikajikuta nimepanga chumba. Kuna siku mteja wa Arusha alitaka mikanda ya ngozi, na laoban mmoja, bosi wa kiwanda, akanipeleka kwa gari hadi nje ya mji. Njiani nikaona uwanja wa farasi. Baba, nililia ndani ya gari la mtu. Wiki iliyofuata nikarudi peke yangu nikajiandikisha, na mwalimu, dada mmoja mwembamba tunayemwita laoshi kama wanavyoitwa walimu wote huku, akanitolea farasi wa kijivu. Mimi nikamzunguka kwa mbele, polepole, nikaenda zangu kulia.

"Fanle," akasema laoshi. Yaani nimegeuza, kinyume. Nilidhani anamwambia mtu mwingine. Akatoa simu yake ya kutafsiri, akaongea, simu ikaniambia kwa Kiswahili chake cha ajabu: "Farasi hana upande huo."

Tulicheka wote wawili. Lakini kwenye treni nikirudi sikuwa nacheka tena. Nilikuwa najiuliza inawezekanaje mtu aliyeishi na farasi tangu ujana wake, aliyewashikia hatamu wageni upande wa kushoto kila siku ya Mungu, asijue upande wa kupandia. Na kama ulijua, kwa nini ulinifundisha kinyume? Sikupata jibu, na wewe ulikuwa umeshaondoka duniani, kwa hiyo nikajifunza kushoto kama watu wote. Nikazoea. Nikaanza kusahau kwamba niliwahi kupanda kwa njia nyingine.

Halafu likaja la goti. Ilikuwa Zhanxi, kule kwenye maduka ya viatu ya jumla karibu na stesheni, na wewe hujawahi kuona mahali kama hapo. Mikokoteni inapita katikati ya watu imejaa marobota hadi msukumaji haonekani, unasikia sauti tu inakwambia pisha. Nilikuwa nabishania bei ya raba, mgongo nimeupa njia. Mkokoteni ukanisukuma ubavuni, mguu wa kushoto ukabanwa kwenye ngazi ya duka, mwili ukageuka na goti likakataa kugeuka nao. Kano ikachanika. Nikapasuliwa, nikafungwa, nikatembelea magongo. Mama Salma alinizungukia masoko yangu yote na bado akaenda Nansha bandarini kufuatilia makontena yetu, na hakunisimanga hata mara moja, ila alipokuwa anapika alikuwa anatia chumvi nyingi makusudi ili nijitahidi kuinuka na kwenda jikoni kujipikia mwenyewe.

Daktari aliponiruhusu kutembea, nilimuuliza kuhusu farasi. Akasema hawezi kunikataza ila nikianguka tena kwa goti lile, hatanipa matumaini ya kurudi kwenye kazi ya miguu. Na kazi yangu yote ni ya miguu, Baba. Siku nzima ni kupanda ngazi za masoko, kushuka, kutoka duka hadi duka, kisha Kangle kwenye karakana za kushona, kisha kurudi. Anayeshindwa kutembea hapa anarudi nyumbani, na wajukuu zako wako bweni Moshi kwa kazi hii hii. Nilipomwambia Mama Salma kwamba nataka kurudi kupanda, aliacha kufunga boksi akanitazama.

"Shoga yangu, hilo goti ndo duka lako," alisema. "Huyo farasi akupe nini weye?"

Mama naye kwa simu alisema hivyo hivyo kwa maneno makali zaidi, kwamba umri umekwenda na nimeshaona la kuona. Wote wawili wana akili kuliko mimi. Lakini kila nilipofanya yale mazoezi ya kukunja na kukunjua mguu, sikuwa nawaza soko wala ngazi. Nilikuwa nawaza harufu ya shingo ya farasi. Nikajiona mjinga, nikaendelea kuwaza.

Jumatano nikaenda. Sikumuaga mtu. Laoshi alinipokea kwa furaha, akamtoa yule yule wa kijivu, akaniwekea na ngazi. Nikaingiza mguu wa kushoto kwenye rikabu na kujaribu kujivuta. Goti likasema hapana. Si maumivu sana, ni kwamba halikuwepo tu, kama vile mtu uliyemtegemea akushike mkono kumbe ameshaondoka. Nikajaribu tena. Jasho likanitoka, nikaona nitaanguka palepale kabla hata sijapanda, na nikaanza kutafuta namna ya kumwambia laoshi kwamba basi.

Sijui nikwambie nini kuhusu kilichofuata, maana sikukipanga. Nilimzunguka farasi kwa mbele, polepole. Nikasimama kulia kwake. Laoshi akasema fanle, safari hii kwa sauti ya wasiwasi, akaja kushika hatamu. Nikaweka mguu wa kulia kwenye rikabu, mguu mzima, nikajiinua, na ule wa kushoto ukafuata juu ya mgongo wa farasi umenyooka, haukuombwa kukunja kitu. Farasi alichezesha sikio moja. Nikakaa.

Ndipo nikajua, Baba. Au nikadhani nimejua. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa mpaka leo.

Tulizunguka uwanja taratibu, laoshi ameshika kamba, na mimi badala ya kufurahi nilikuwa nakuona wewe. Nakuona unashuka zile ngazi za ghala la nyasi kwa ubavu, mguu mmoja unafuata mwingine, na sisi watoto tukikuiga nyuma yako tukidhani ndiyo mwendo wa wakubwa. Nakuona umekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa ukimsafisha farasi kwato, wakati wenzako walichutama. Na zaidi nakuona kanisani. Watu wote wanapiga magoti, kanisa zima linashuka, na wewe umekaa wima kwenye benchi unatazama mbele. Mama alikuwa anakukata jicho. Mimi nilikuwa nikikuonea fahari, nikidhani wewe na Mungu mmeelewana kivyenu.

Mimi mwenyewe huku kanisani sasa nakaa watu wakipiga magoti. Juzi mama mmoja wa Kikongo alinigusa kiwiko akinionyesha kwa macho kwamba nishuke. Nilitaka kumwonyesha kovu. Wewe ulikuwa na kovu, Baba? Sikumbuki kuona magoti yako hata siku moja. Nimejitahidi sana kukumbuka, napata mikono yako, napata shingo yako, magoti sipati.

Kwa hiyo Ijumaa nikampigia Mama. Ilibidi nianze kwa kukiri kwamba nimepanda, akanigombeza mpaka akachoka. Alipochoka nikamuuliza kama ulikuwa unaumwa goti. Akasema hapana, baba yako hakuwahi kuumwa goti, baba yako alikuwa na kiburi. Alisema hivyo kwa haraka, kama jibu lililokuwa tayari mdomoni. Nikamweleza upande wa kulia. Nikamweleza zile ngazi, na ile ndoo. Nikamuuliza kama kuna mtu ambaye angemwajiri mtunza farasi mwenye goti bovu, huku Mama mwenyewe akifahamu kwamba nyumba nzima ilikula kutoka pale bandani.

Nilidhani mtandao umekatika, nikamwita mara mbili.

"Nilimsema kila Jumapili," akasema. "Kuanzia mlangoni mwa kanisa hadi tunafika nyumbani. Na tulikuwa tunatembea kwa miguu, mwanangu."

Nilimwambia huenda nimekosea, huenda ni mawazo yangu tu, huenda aliyekufundisha wewe alipandia kulia na wewe ukaendeleza. Inawezekana, Baba. Inawezekana kabisa goti lako lilikuwa zima na mimi nimechukua maumivu yangu nikakuvika wewe ili nisiwe peke yangu. Ningekuwa na mtu wa kumuuliza ningemuuliza. Wale mliofanya nao kazi wametawanyika, na Bi Harusi naye ndiye angejua kuliko wote.

Ikiwa ni kweli, nakukasirikia. Uliumia mbele yetu miaka yote hiyo na ukaupa uongo jina zuri, ukanifundisha niupende. Ungesema ningekuletea ngazi. Ningekubebea zile ndoo. Mama angekushika mkono badala ya kukusema. Na ikiwa ni kweli vilevile nataka kukushukuru, kwa sababu bila mlango wako nisingerudi juu ya farasi kamwe, na sijui mtu anawezaje kukasirika na kushukuru kwa jambo lile lile bila kupasuka. Mama Salma anasema nichague moja. Nimeshindwa kuchagua, naamka na hasira, nakunywa chai na shukrani.

Nilikuwa nimeamua kuacha. Nakwambia ukweli, baada ya kuzungumza na Mama niliona yametosha, nimepanda mara moja, nimeonja, goti limepona kiasi cha kunilisha na watoto wasome. Nilimpigia tena Mama nikamwambia hivyo, nikidhani atafurahi, maana ndilo alilolitaka tangu mwanzo. Hakufurahi. Aliniuliza Jumatano nyingine ni lini, kama vile hajui siku za wiki. Nikamwambia.

"Nenda," akasema. "Ukishakaa juu, mwambie baba yako anisamehe."

Nikamwambia Mama, mimi nikiwa juu ya farasi naongea na farasi tu. Akasema nisimfundishe, na akakata simu.

Basi naenda, Baba. Goti linauma tangu asubuhi na sijui kama litakubali. Mama Salma ameshakasirika, ila ameniazima kitambaa chake cha kufungia goti, na amesema nikianguka nisimtafute. Sijui maneno ya namna hiyo husemwaje, kwa sauti au kimoyomoyo, wala sijui kama unayo ya kusamehe au hata hukuwahi kuumwa. Nimeandika barua hii ili nijaribu kwanza, nisije nikababaika mbele ya laoshi. Mama anasema umsamehe, Baba. Anasema angejua, angetembea polepole.

Wako akupendaye,
Mwanao uliyemwita mama