Jeli ya Kisima cha Saba

Jumatatu, 4 Machi 2024

Oveni ya maabara imekufa leo, rasmi! Spea haijulikani itafika lini. Na meneja anataka jeli ninayoipima iingie kisimani wiki ijayo, la sivyo kisima cha saba cha mafuta kinazibwa kwa saruji. Kikizibwa, mume wangu — ndiye fundi wake wa pampu — anahamishiwa visima vya mbali. Tumeoana juzijuzi tu, jamani!

Nimeleta chupa zangu za jeli nyumbani. Oveni yetu ya jikoni inashika joto sawasawa na la huko chini kisimani. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea, kazitazama, akauliza hivi ni vya kula? Nikamweleza: maji tunayosukuma chini yanakimbilia njia pana, mafuta yanabaki kwenye mwamba uliobana. Jeli inashuka laini kama uji, inaganda hukohuko, inaziba njia pana. Maji yakikosa pa kupita, yanayasukuma mafuta. Akacheka. Eti kumbe mwanawe kaoa mpishi!

Jumatano, 6 Machi

Nimegeuza chupa kichwa chini, ndivyo tunavyopima. Jeli nzuri inang'ang'ania kitako cha chupa. Yangu imeporomoka yote, mabongemabonge. Aibu! Nimeongeza dawa ya kugandisha.

Mume wangu kanikuta nimenuna, akanikanda mabega. Mwanaume huyu! Nampenda mpaka najichekea.

Ijumaa, 8 Machi

Bado legelege. Nimeongeza dawa tena, karibu maradufu. Jioni afadhali kidogo — inaning'inia. Meneja kasema basi, twende na hiyo. Mama mkwe kaniambia mkamia maji hayanywi, nile kwanza, nilale.

Jumanne, 12 Machi

Naandika haraka, muda ni mfupi.

Asubuhi wameanza kuisukuma jeli kisimani. Mimi nilibaki nyumbani kidogo, nikusanye chupa zilizobaki. Mama akanisaidia kuzitoa kwenye oveni, na kila aliyoishika aliitikisa. Kwa nguvu! Nikamuuliza vipi tena. Akasema, mwanangu, si dawa hizi? Dawa hutikiswa. Kila ukienda kazini nilikuwa nakutikisia, nawe upumzishe mikono.

Nilitaka kulia, nikataka kumkumbatia. Jeli ikitikiswa wakati inaganda, inakatikakatika! Haikuwa dhaifu hata siku moja. Na mimi nimeijaza dawa ya kugandisha — itaganda upesi ndani ya bomba kabla haijafika kwenye mwamba, na kisima kitakufa kwa mkono wangu.

Nikampigia mume wangu: acha jeli, sukuma maji matupu, sasa hivi! Hakuuliza kwa nini. Nilimsikia akiwapigia wenzake kelele. Baadaye akasema presha kisimani imeacha kupanda, maana yake bomba halijaziba kabisa. Kushuka, bado.

Meneja kaniita. Nikamwambia Mama nitasema nilikosea vipimo, yaishe. Akaenda kubadili nguo. Eti ana kinywa chake, na aliyetikisa ni yeye.

Tuko kwenye benchi nje ya ofisi. Kanishika mkono, wake umelowa jasho kuliko wangu. Nimemwambia anisubiri hapahapa. Kaitikia vizuri kabisa, ndiyo mwanangu. Simu inaita — mume wangu! Na mlango unafunguliwa. Mama ameshasimama, anaelekea mlangoni kabla yangu.