Koni na Silinda Zilizobaki Jikoni

Mama,

Vifaa vyako vya kufundishia vilichomwa siku ya matanga yako. Nimekaa na jambo hili tangu tukuzike, na sijapata mtu wa kumlilia isipokuwa wewe mwenyewe.

Mvua ilikuwa imelowesha kuni zote na waombolezaji walitaka chai. Ombati, huyo mwanao mkubwa, akaingia chumbani kwako akatoka na lile sanduku. "Takataka za shule hizi. Kwani Mama anafundisha tena?" Saa ya mbao uliyoipaka rangi, ramani ya Kenya uliyoichora kwenye gunia la sukari, fremu yenye vizibo vya soda vya kuhesabia... vyote chini ya sufuria. Mimi nilikuwa sokoni Suneka nikinunua saruji ya kaburi. Nilirudi nikakuta majivu, na watu wananisifia chai.

Vilivyobaki ni koni na silinda, kwa sababu ni vya jiwe la sabuni, lile jiwe laini la kuchongea, nalo haliwaki. Unakumbuka ulivyomsumbua yule mchongaji wa kule Tabaka? "Wewe umezoea tembo na twiga. Mimi nataka kipimo!" Ukavileta darasani, vyenye uwazi ndani, mdomo sawa na kimo sawa, pamoja na ndoo ya maji, ukatuuliza koni ngapi zitajaza silinda. Nikapaza sauti: mbili! Ukasema, "Usibishane na mimi, Kemunto. Bishana na maji." Zikaingia tatu kamili. Leo nauza matangi, Mama, na hakuna fundi wa kunidanganya kuhusu lita.

Mwezi uliopita alikuja binti mmoja wa makumbusho. Wanakusanya vifaa vya zamani vya shule. Alinieleza kwamba waliomtangulia walihifadhi vya kununuliwa tu: tufe, chati zilizochapishwa, vitu vya kutoka ng'ambo. Vya walimu kama wewe, vya gunia na vizibo, hakuna aliyeviona kuwa kitu. Sasa wanavitafuta na hawavipati. Nikamwambia, "Umechelewa, dada." Nikashindwa kumwambia kwa nini.

Akaomba koni na silinda. Nikamuuliza, watoto watavitilia maji? Akasema hapana, vitakaa ndani ya kioo. Nikamfukuza. Kwa adabu, lakini nilimfukuza.

Halafu nikapiga hesabu yangu. Nikivificha kwangu, siku nikifa, nani atajua kwamba si mawe ya kupondea vitunguu? Nikampigia simu arudi.

Kabla hawajavichukua, nimevipima kila upande, na yule mchongaji amenichongea jozi nyingine. Iko katika darasa lako kule shuleni Birongo, na ndoo nimenunua. Nakuahidi, Mama, ikivunjika nitachongesha nyingine, na nyingine tena, maadamu niko hai.

Alhamisi wanakuja kuchukua vile vyako. Nitavifunga kwa leso yako ya kijani, ile uliyojitanda hospitali, nivibebe mpaka kwenye gari lao. Leso siwapi. Bado ina harufu yako.

Pumzika, Mama.

Mwanao,
Kemunto