Chachu Isiyotakiwa Kushiba

Kisangani, 4 Machi 2025

Madina mwanangu,

“Mafuta hutoka mtini, hayatoki kwenye pipa la uchachu.” Hayo ni maneno ya Papa Kataliko, muuza mawese, mbele ya watengeneza sabuni wote. Nikamjibu: mbuzi hula majani, ananona, chachu aliyotutumia Madina ikila maji ya mihogo, nani ameikataza kunona?

Donc, basi, nimeapa. Tunafungua pipa mwisho wa mwezi. Mafuta yasipoonekana, hangari yetu ya majaribio itakuwa ghala la mawese ya Kataliko.

Salaam aleikum, nimechelewa kukusalimu. Goti la shangazi yako tu ndilo linalosumbua. Na baridi ya Ubelgiji?

Tonton yako, Fadhili

Liège, 11 Machi

Tonton,

Aleikum salaam. Baridi naizoea, goti lipate pole yangu. Ila usiape sana! Kwenye maabara chachu hii inatoa mafuta. Kama itawatosheleza watu wa sabuni, hakuna anayejua bado. Ikishindwa hapo nyumbani, kazi yangu itabaki karatasi.

Mtoto wako, Madina

Kisangani, 30 Machi

Mwanangu,

Wazima tupo, heshima ndiyo mgonjwa. Chachu ilijaa nzito kama uji, lakini mafuta hayakujaa kijiko. Kataliko akacheka: “Fadhili, hayo hata yai la kware hayakaangi!” Wiki ijayo watengeneza sabuni wenzangu wanaamua juu ya hangari.

Na hatukuinyima kitu! Kila asubuhi shangazi yako aliimwagia maji ya maharage. Mgeni hapewi fufu ya mihogo bila mboga.

Tonton yako

Liège, 2 Aprili

Tonton, salamu baadaye!

Mboga ndiyo iliyotuponza. Ikipata maharage, chachu hii huzaana tu. Ikiyakosa, na wanga ni tele, huacha kuzaana na kujiwekea akiba mwilini. Akiba hiyo ndiyo mafuta. Sikukuonya, sikufikiri kuna mtu ataihurumia.

Mtoto wako

Kisangani, 5 Aprili

Madina, salaam. Haya ndiyo niliyowaandikia wenzangu leo:

“Ndugu watengeneza sabuni, msiitoe hangari bado. Nipeni pipa la pili, lenye maji ya mihogo peke yake, na kufuli mlangoni. Ufunguo nisishike mimi, wala mke wangu; jana tu nimemkuta hata jirani yetu Mama Germaine akiipelekea chachu mkate. Mjini hapa ni Kataliko peke yake asiyeionea huruma. Mnaogopa ataimwaga? Huyo hubishana mchana kweupe, haharibu kitu kwa kificho.

Papa Kataliko, pokea ufunguo. Iache na njaa yake, kisha uje utufungulie wewe mwenyewe.”

Tonton yako, Fadhili